Mikanda Kumi na Minne

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mfarishi wa pamba wa kujifunikia ulikuwa umelazwa kifudifudi juu ya meza ya kukatia, mgongo wake wa kijivu juu. Fundi alikuwa amepiga mstari wa chaki katikati, kutoka kichwani hadi miguuni.

Mumewe aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na moja, na ingawa yeye alikwisha kustaafu, hakuna kitu nyumbani kilichokuwa kimestaafu kukaguliwa. Hata sukari ilipimwa kabla ya kuliwa.

Aliokota karatasi ya vipimo iliyokuwa chini ya mkasi.

“Bibie, mikanda kumi na minne ya nini? Unazungushia uwanja wa mpira?”

“Nazungushia kingo za mfarishi.”

“Umeandika mwenyewe hapa: mita mbili na ishirini kwa mbili na arobaini. Mzunguko ni mita tisa na ishirini. Kitambaa chako kina upana wa mita moja na kidogo. Mikanda tisa inatosha, hata na viungo vyake. Mnakata kwa kubahatisha, halafu mnalia kitambaa kimekwisha.”

Kitambaa cha bluu kilikuwa na urefu wa sentimeta themanini na tano tu, na dukani kilikuwa cha mwisho. Mkanda mmoja ukienda upande, hapakuwa na wa kuufidia, na gari la kuichukua kazi lilikuwa linakuja saa tisa.

“Naukata vipande viwili, bwana mkaguzi,” fundi alisema.

Mkaguzi aliitazama tena karatasi. Kisha alichomoa kalamu yake ya wino, ambayo haikumtoka mfukoni mchana wala usiku, akaigeuza karatasi. Kuupasua mfarishi ni kuuzalia kingo mbili mpya, kila moja mita mbili na arobaini. Kila nusu, basi, mita saba. Akaongeza sentimeta thelathini za kona na za kumalizia, akatoa sita kwa kila kiungo, akafuta, akaanza upya. Chai ilipoa.

“Kumi na minne!” alitangaza, kama mtu aliyeivumbua. “Saba kwa saba. Kwa upana wa sentimeta sita kila mmoja, ni sentimeta themanini na nne za kitambaa. Unaona sasa? Bila mimi ungebahatisha.”

“Ahsante,” fundi alisema, akakata mkanda wa sita.

Hesabu zikimwishia, mkaguzi hugeukia watu.

“Nani huyo anayepasua mfarishi mzima?”

“Mteja. Anahama leo. Vitanda viwili, kila mmoja na wake.”

“Wana watoto?”

“Hawakujaliwa.”

Mkaguzi aliinama juu ya meza. Upande mmoja ulikuwa umechakaa kuliko mwingine, na konani palikuwa na madoa matatu ya wino yaliyopenya hadi mgongoni.

“Aliyelala upande huu ni mwanamume, na ni mchafu. Tena huuvuta mfarishi wote upande wake. Tazama nyuzi zilivyolegea. Mwenzake alikuwa analala bila kufunikwa.”

“Huuvuta kila usiku. Mwaka wa kumi na tisa huu.”

“Na mwanamke anavumilia?” Mkaguzi alicheka hadi chai ikamwagika. “Huyo si mke, ni msumari. Ningekuwa yeye, ningehama mwaka wa pili. Mpe mume hii nusu yenye wino, akome.”

“Ndivyo mteja alivyosema.”

“Na asizungushiwe ukingo. Ya nini kumpotezea kitambaa?”

“Hapana. Mteja hataki kuacha nyuma yake kitu kinachofumuka.”

Mkaguzi aliguna, akatoka uani. Mfuko mweupe wa mfarishi wao wenyewe ulikuwa kambani unakauka. Kuuvika na kuuvua haikuwa kazi yake, lakini aliona kwamba umeanikwa upande mmoja mrefu kuliko mwingine, akapaza sauti kusema hivyo.

Ndani, fundi aliikalia cherehani. Ilinguruma hadi saa nane na robo, ikanyamaza.

Saa tisa, kaka yake fundi alisimamisha pikapu mlangoni. Walipakia masanduku mawili, nusu moja ya mfarishi iliyoviringishwa na kufungwa kamba, kisha cherehani.

“Shemeji, cherehani nayo?” mkaguzi aliuliza.

Shemeji alikuwa anatazama matairi.

“Inakwenda kwa mteja,” fundi alisema. “Kazi iliyobaki nitaifanyia huko.”

“Basi isikae nyuma kabisa, gari litainua pua. Sogeza. Bado. Hapo.” Mkaguzi alipangusa mikono, ameridhika. “Na mwambie huyo mteja wako amechelewa miaka kumi na saba.”

“Anajua,” fundi alisema, akapanda.

Saa kumi kamili, saa yake ya kupumzika, mkaguzi alijilaza kitandani, akashika mfarishi na kuuvuta kama kawaida yake. Ulikuja wote kwa mara moja. Haukuwa ndani ya mfuko wake mweupe. Ulikuwa na upana wa sentimeta mia moja na kumi, ukingo mpya wa bluu pande zote nne, na konani, madoa matatu ya wino.