Koti la Pande Mbili

Gentille, mshonaji wa studio ya televisheni mjini Bunia, alitazama kipindi cha vichekesho akiwa nyuma ya kamera. Koti alilomshonea mchekeshaji lilikuwa na pande mbili: manjano kwa chama tawala, zambarau kwa upinzani. Mbele ya jukwaa walikaa wakubwa wawili, mmoja wa kila chama, waliotaka kipindi kifungwe, kila mmoja akidai ni chama chake tu kinachochekwa.

Zamu ya kuigiza upinzani ilipofika, mchekeshaji akasahau kuligeuza. Akiwa na manjano mwilini, akatoa hotuba ya upinzani: “Mutuchague, barabara ya Komanda itakuwa laini sawa sabuni!”

Sindano ilimchoma Gentille kidole, wala hakuichomoa.

Mkubwa wa chama tawala akasimama, machozi ya kicheko yakimtiririka. “Huyu iko miye kabisa! Barabara ile na miye niliahidi!”

“Hapana!” mpinzani akaruka. “Huyu iko miye!”