Shuka la Bi Nyamizi

Tunu na mumewe Sefu walikuja kutazama nyumba ya kuhamia katika mji ambao kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa kwa miaka mingi. Tunu, fundi cherehani, alitaka wahame jiji waje kuishi hapo. Sefu hakutaka.

"Mji wenyewe umekufa," Sefu alimwambia mkewe wakiwa sebuleni. "Nani atakuletea nguo za kushona huku?"

Mwenye nyumba, Bi Nyamizi, alimsikia. Aliingia chumbani akatoka na shuka jeupe lenye mistari ya buluu, akampa Sefu ncha moja na nyingine akaishika mwenyewe.

"Vuta, baba."

Sefu akavuta kwa adabu.

"Ndiyo nguvu zako zote hizo?"

Sefu akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Shuka likakaza, lakini halikuachia hata uzi.

"Nililifuma kwa mtambo wangu pale kiwandani kabla mkeo hajazaliwa," alisema Bi Nyamizi, kifua mbele. "Wanangu wote wamelilalia. Kilichofungwa ni kiwanda, baba. Sisi tuliofuma bado tupo."

Sefu alilipapasa shuka kwa muda, kisha akamgeukia mkewe.

"Cherehani utaiweka wapi?"

 Tunu alikwenda chumba cha mbele, akalisukuma kwa bega dirisha la mbao lililovimba kwa mvua. Lilipofunguka kwa kishindo, wanawake wawili waliokuwa wakipita barabarani walisimama, wakainua nyuso kumtazama.