Barabara ya Maduka

Miezi saba Mashavu alikuwa akienda sokoni kwa kupitia uchochoroni, maana kwenye barabara ya maduka walikuwapo watu watano wanaomdai. Leo kikoba cha akina mama kimemkopesha fedha za kuwalipa wote, abaki na deni moja tu.

Wa mwisho alikuwa muuza nyama. Alifungua daftari, akalipiga mstari mwekundu jina la Mashavu.

"Karibu tena, Bi Mashavu. Sura yako nilishaisahau, nilikuwa nakijua kisogo tu."

Mashavu akacheka hadi kanga ikamteleza begani. Akaifuata barabara ya maduka mpaka mlangoni kwake, ufunguo mkononi. Kisha akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akageuka, akaipita barabara yote tena, akisalimia duka moja moja kwa sauti, na hana anachonunua.