Neno Uzembe

Mwajabu alipewa barua ya kukiri kosa ili aisaini. Kwa miaka tisa alikuwa akipokea simu za moto katika kituo cha zimamoto, na kwa miezi saba iliyopita alikaa peke yake kwenye meza ile, bila mtu wa kumpokea. Juzi mwanamke alipiga simu akilia, akataja mtaa, simu ikakatika. Palepale jina la mtaa likamtoka Mwajabu akilini, na ni mtaa alikozaliwa yeye mwenyewe. Ikabidi asubiri kupigiwa tena. Watu walinusurika, lakini nyumba iliteketea.

"Hapa mmeandika uzembe," alimwambia mkuu wa kituo, Afande Matimbwa.

"Saini tu, dada. Litapita."

"Cheti cha daktari umekisoma?"

"Kinasema una msongo wa mawazo. Nani hana?"

"Kinasema homoni ya msongo imezidi mwilini mwangu kwa miezi. Ikizidi hivyo, kumbukumbu inakatika, usingizi unapaa, unawafokea wanao bila sababu. Nilikuomba msaidizi mara nne, afande. Nilikuomba nikiwa bado nakumbuka."

Mwajabu akachukua kalamu, akalikata neno uzembe kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika tarehe nne za maombi yake, kisha akamsogezea karatasi na kalamu.

Afande akavaa miwani. Akasoma tarehe ya kwanza, akasoma ya pili. Kalamu hakuigusa, wala karatasi hakuirudisha.