Bahasha ya Kumi

Hapakuwa na mlango uliowahi kumshinda Bi Sindano. Isipokuwa huu wa kwake mwenyewe, ghorofa ya nne, ambao ufunguo wake ulikuwa ukizurura mjini ndani ya mkoba wa binti yake.

"Nakufungia kwa usalama wako, mama," binti alisema kila Jumatatu alipotoka. "Daktari kasema ngazi mwiko. Mguu haujaunga."

"Daktari alisema wiki sita. Hii ya ngapi?"

"Wewe malizia kitandiko chako. Siku ukikimaliza, naondoka. Unadhani mimi sina kwangu? Mume wangu kachoka kuningoja."

Basi Bi Sindano akashona kama anayekimbizwa.

Kilikuwa kitandiko cha viraka, tena cha fumbo. Mwalimu wa kikundi chao cha ushonaji alikitunga kwa siri: kila Jumatatu anatoa bahasha moja, ndani yake karatasi iliyochapwa hatua moja tu, kata hiki, unga na kile. Picha nzima haijui mtu mpaka kiraka cha mwisho. Bahasha ya kwanza Bi Sindano aliifuata kwa miguu yake. Ya pili ilimkuta kitandani, ameshaporomoka ngazi, yeye kavunjika mguu na simu yake imekata roho. Tangu hapo binti ndiye aliyekwenda kuzichukua.

Binti alikuja siku ile ile mama alipotoka hospitali, na sanduku zito hata dereva wa teksi akaguna. Ndani mlikuwa na nguo, sufuria tatu na pasi. "Wiki mbili tu," alisema. Pasi Bi Sindano hakuilalamikia: ilikuwa nzuri kuliko yake, na kiraka kisiponyooshwa hakikubali kukaa na mwenzake. Alilalamikia mengine yote. Chumvi ilifichwa. Dirisha lilifungwa, eti upepo mbaya. Wageni walirudishwa mlangoni: mama kalala. Mama yuko macho, anawasikia wakishuka! Mara moja, binti akiwa anaoga, alijaribu kutoroka. Alishuka vidato vitatu, akavipanda tena kwa makalio.

Ile simu ya mume aliyechoka kungoja haikusikika hata siku moja. Lakini kuna wanaume wavivu wa kupiga simu, Bi Sindano aliwahi kuolewa na mmoja.

Cherehani peke yake ndiyo binti hakuigusa. Hiyo alipigwa marufuku tangu darasa la sita, alipojishonea sketi ya shule bila kuacha nafasi ya mshono, akashinda kutwa nzima kavuta tumbo ndani, akiulizwa swali hawezi kujibu.

Hatua ya nne ikapita, ya tano, ya sita. Kuanzia ya saba, kazi ikaharibika. Viraka havifikiani. Bi Sindano anakata vile vile ilivyoandikwa, akiviunga vinapungua upana wa kidole.

"Huyu Mwalimu kapatwa na nini?" akafoka wiki ya tisa. "Hatua sita nzima ananihubiria, acha nafasi ya mshono, acha nafasi ya mshono. Sasa kimya, kama kameza sindano!"

"Uzee huo," binti akasema, macho yake kwenye sufuria.

"Uzee gani? Nimempita miaka kumi na tano!"

"Basi fumua, mama. Anza upya. Kwani tuna haraka gani?"

Bi Sindano akamtazama kisogoni. "Si mumeo anangoja?"

"Anangoja," binti akasema, na akaendelea kukoroga maji matupu.

Jumatatu iliyofuata mlango ulipofungwa kwa nje, Bi Sindano alisikiliza viatu vikishuka, akajikokota hadi dirishani, akalifungua. Upepo mbaya ukaingia kwa raha zake. Chini watu walikwenda na kurudi kama hawajui kuwa miguu ni kitu. Alisimama pale mpaka goti likaanza kumlaumu. Akajiona atazikwa humu humu, na sanda yenyewe haijaisha kushonwa.

Ndipo akaona mwendo anaoujua ukivuka barabara. Akaita. Mwenye mwendo akainua uso, akapunga mikono yote miwili. Bi Sindano akachakura kopo la vifungo, akatoa ufunguo wa akiba ambao aliapa mbele ya binti yake kwamba umepotea, akaufunga ndani ya kiraka, akautupa chini.

"Ukiingia, funga tena," alimwambia mgeni. "Hapa tunaishi kwa masharti."

Wakanywa chai. Mgeni akaomba kukiona kitandiko. Akakitandaza mezani, akapima viraka kwa vidole, akauliza swali moja, halafu la pili. Macho ya Bi Sindano yakazunguka chumba, yakatua kwenye pasi, yakabaki hapo.

Ufunguo ukalia mlangoni.

"Mama!" Binti alikuwa bado anavua viatu ukumbini. "Miguu sina! Mwalimu kaniweka nusu saa nzima, maneno hayamwishi. Anakusalimu sana. Bahasha ya kumi hii hapa, kanipa mkononi mwangu. Anasema bado hatua nne tu, usikate tamaa."

"Pole na safari, mwanangu," Bi Sindano akaitikia, akimmiminia mgeni kikombe cha tatu. "Pita ndani umwamkie Mwalimu, yuko hapa tangu saa nne, na anasema bahasha zake ziliisha ya sita. Halafu ukae, utuambie: wiki zote hizi, huko kwako, mumeo mashati yake ananyooshea nini?"