Raba Iliyovimba

Fundi alipoifungua pampu ya maji ya moto, alitarajia kukuta sili, kile kizibo kinachozuia maji yasivuje, imepasuka kwa kuendeshwa bila maji. Meneja alikwishaamini hivyo, na mwendesha mitambo, mume wa dada yake fundi, alisimama mlangoni akisubiri kufukuzwa kazi.

Lakini nyuso za sili ziling'aa kama kioo. Hapakuwa na ufa wala alama ya kuungua.

Akaichomoa raba ya sili. Ilikuwa imevimba na kulegea kama kidole kilicholowekwa mchana kutwa. Akainusa. Grisi.

Raba ya aina ile, wakati wa kuifunga, hupakwa maji ya sabuni tu. Grisi huila polepole. Miaka ishirini alikuwa akiwafokea mafundi wenzake juu ya jambo hilo, hata wakambandika jina la Sabuni. Na raba hii aliifunga mwenyewe mwezi uliopita, mbio mbio, siku ambayo sabuni ilikuwa imekwisha.

"Shemeji, haki ya Mungu maji niliyafungulia," alisema mwendesha mitambo. "Dada yako hajatia kitu mdomoni tangu jana."

"Haya, Sabuni, tusikeshe hapa," meneja alidakia. "Iliendeshwa kavu au haikuendeshwa kavu?"

Fundi akaifumbata raba.

"Kavu," alisema.

Kisha mwendesha mitambo akasogea, akanyoosha mkono.

"Ahsante kwa kuhangaika, shemeji. Najua lau ungeweza, ungenisaidia."

Fundi hakukifumbua kiganja. Alimpa kifundo cha mkono, kama wafanyavyo watu wenye mikono michafu.