Njia Iliyokwepa Makaburi

Kaburi la nne lilikuwa likifuka moshi.

Ignas alizima mtambo, akavua kofia, akalitazama lile tuta la udongo lililokuwa mbele ya meno ya chuma. Kisha akamgeukia mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee Mazengo, mbona marehemu anatoa moshi?"

"Alikuwa mvuta tumbaku," alijibu Mazengo bila kupepesa macho. "Zungusha njia, kijana."

Ignas akazungusha. Tanuri la mkaa alilijua vizuri, lakini kazi yake ilikuwa kusaga vichaka, si kubishana na wafiwa.

Damari, aliyekuwa akifuata nyuma tangu asubuhi, hakucheka. Alitazama mtambo ukipinda kuelekea magharibi, akatulia. Makaburi matatu ya kwanza yalikuwa yake, na Mazengo alikuwa ameiga kwake.

Yote hayo yaliletwa na soko huria. Miezi miwili nyuma, afisa wa wilaya alifika kijijini hapo, ng'ambo ya Mitundu, akiwa na kipaza sauti ingawa mkutano ulikuwa na watu ishirini na wanane. Akatangaza kwamba mwekezaji amepatikana. Angefungua njia katikati ya pori, lile pori lililofungamana hadi mbwa wa mawindo hulikwepa, ili wazungu waje kutembea kwa miguu.

"Kutembea kwenda wapi?" mzee Alute aliuliza.

"Kutembea tu, mzee. Halafu wanarudi."

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Kumbe miaka yote walikuwa watalii bila kujijua.

Damari peke yake alisimama na ombi. Njia isingeweza kusogezwa magharibi kidogo? Afisa akamwonyesha ramani. Vigingi vilishapigwa. Mtambo haupindi kwa ombi la mtu, mama. Utapinda kwa kaburi tu, maana mwekezaji wetu anaheshimu mila.

Wiki iliyofuata Damari akaonekana porini na jembe. Likatokea tuta la mama mkwe. Likatokea la baba mkwe. La tatu likawa la shangazi ambaye hakuna aliyepata kumsikia. Kila moja alilizungushia mawe na kulisimikia msalaba wa vijiti, na kijiji kizima kikaelewa. Karibu na vigingi ilining'inia mizinga ya nyuki ya Laurian, mumewe. Mwanamke alikuwa analinda asali. Nani angemlaumu? Wengine walikwenda kuazima majembe.

"Shemeji," Mazengo alisema sasa, wakitembea juu ya vipande vya miti vilivyotapikwa na mtambo, "baba mkwe wako tulimzika Ikungi. Jeneza nililibeba mimi, bega hili hapa. Amehamia huku lini?"

"Na marehemu wako wa moshi?"

"Mimi ni kiongozi, nina sababu zangu." Mazengo akacheka. "Lakini wewe unazika watu mara mbili kwa ajili ya mizinga ya Laurian! Mwenzio yuko machimboni na mke mwenye jino la dhahabu."

"Ulimwona?"

"Watu wamemwona."

"Watu gani?"

"Ah, shemeji! Mtu mzima akiaga anakwenda kurina asali huko magharibi, asirudi miaka minne, ujue kapata asali nyingine. Na sisi tulimtafuta, usiseme hatukumtafuta."

Ni kweli walimtafuta. Walimtafuta kuanzia asubuhi hadi saa ya chakula cha mchana.

Damari aliharakisha hatua hadi akaufikia mtambo, akampungia Ignas mkono.

"Shikamoo mama. Kuna mwingine?"

"Marahaba. Babu yake mume wangu. Yule pale chini ya mti."

"Ukoo wenu ulipenda sana kufia porini, mama."

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Pinda huku. Huku zaidi."

Ignas akavua kofia, akaivaa, akapinda. Pipa la meno likaanza kuzunguka, miti ikalia, vumbi na majani vikawafunika. Katikati ya kelele hizo ikasikika sauti nyingine, kama mtungi unaovunjika. Nyuki wakamwagika hewani. Mizinga miwili ya Laurian ilikuwa imesagwa pamoja na mti wake.

"Ona sasa!" Mazengo alipiga kelele, khanga aliyomnyang'anya mtazamaji mmoja kichwani, akikimbia na kucheka. "Umepindisha njia ikaangukia mizinga yenyewe! Mwambie asimame!"

Damari alikuwa ameumwa shavuni na mkononi. Hata hakugeuka.

"Endelea, mwanangu," alimwambia Ignas. "Usisimame."

Pori la upande ule lilikuwa halijawahi kuona mtu akipita wima. Miiba ilishikana na miiba, mizabibu ya mwituni ikaifunga juu kama paa. Mtambo ulilitafuna taratibu, hatua kwa hatua, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwa umeingia. Afisa wa wilaya angekuwepo, angeona kwamba njia ya mwekezaji sasa ilikuwa imejikunja kama utumbo wa mbuzi.

Ghafla Ignas akazima. Akashuka mbio, kofia mkononi, uso umempauka.

Chini ya mti mrefu kamba ya magome, ya kupandia mizinga, ilikuwa imekatika, ncha moja ingali juu ya tawi. Chini yake, ndani ya majani makavu, palikuwa na mifupa ya mtu ndani ya shati lililooza.

Mazengo alifika akihema. Akaivua ile khanga kichwani.

"Mama, nisamehe," Ignas alisema. "Kaburi hili hukunionyesha."

Damari alikuwa ameshapiga magoti, akiondoa majani kwenye lile shati, jani moja moja.

"Hili," alisema, "ndilo nililokuwa sijui lilipo."